Rangi kwenye jedwali la maji: jinsi ya kuona kosa kabla bili haijafika mlangoni

Mwisho wa mwezi ukifika Pipeline, kuna kazi inayofanyika ploti baada ya ploti. Keateka, yaani msimamizi wa ploti, hutoka na daftari na tochi, akapanda ngazi orofa kwa orofa akisoma mita ndogo za maji, moja kwa kila nyumba. Kesho yake namba hizo huingizwa kwenye simu au kompyuta, zikapigiwa hesabu, na vikaratasi vya bili vikapitishwa chini ya milango. Jioni ya siku hiyo ndipo maneno huanza.

“Mzee, mimi hushinda kazini, na nyumbani niko na mtoto mmoja tu. Hizi yuniti nane nimezitumia wapi?”

“Mama, mita haidanganyi. Mimi naandika kile ninachokiona.”

Mara nyingi wote wawili wanasema kweli. Mita haikudanganya, na mama hakufungulia maji ovyo. Kosa limeingia njiani: tarakimu moja imesomwa vibaya gizani, namba ya nyumba hii imeandikwa kwenye mstari wa nyumba ile, au kuna bomba linalovuja nyuma ya choo na hakuna aliyeliona. Yuniti moja ya maji ni mita moja ya ujazo, yaani lita 1,000. Kwa mtungi wa lita 20 tunaoujua sote, hiyo ni mitungi 50. Tarakimu ikikosewa kwenye safu ya makumi, tayari ni mitungi 500 ambayo mtu atadaiwa bila kuionja.

Makala haya ni kwa keateka, mwenye ploti, mweka hazina wa chama na mpangaji yeyote anayetaka kujua hesabu yake inavyofanywa. Yanahusu kifaa kimoja kidogo kilicho ndani ya programu za lahajedwali kama Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc: uwezo wa kisanduku kujipaka rangi chenyewe pale sharti fulani linapotimia. Tutauita rangi za masharti. Kwenye skrini utauona kwa jina la “Conditional formatting”. Excel imekuwa nao tangu toleo lililoitwa Excel 97, kwa hivyo si mambo mapya, lakini wengi wetu bado tunapaka rangi kwa mkono. Ubaya wa rangi ya mkono ni kwamba hubaki pale pale hata namba iliyoisababisha ikibadilika.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba sharti si lazima lihusu namba iliyo ndani ya kisanduku chenyewe. Linaweza kuhusu namba ya jirani yake. Na kwa mita ya maji, jirani ndiye mwenye habari. Namba 218 ikiwa peke yake haikuambii lolote. Ikikaa kando ya 215 ya mwezi uliopita, inakuambia kwamba nyumba hiyo imetumia yuniti tatu. Ikikaa kando ya 309, inakuambia kuna kosa, kwa sababu mita ya maji hairudi nyuma.

Tuchukue jedwali dogo la mfano. Safu A ni nyumba, B ni namba ya mita ya Aprili, C ni ya Mei na D ni ya Juni. Mstari wa kwanza ni wa vichwa, kwa hivyo nyumba ya kwanza iko kwenye mstari wa 2.

Nyumba | Aprili | Mei | Juni
101 | 212 | 215 | 218
102 | 187 | 190 | 198
103 | 305 | 309 | 213
104 | 96 | 98 | 98
105 | 140 | 144 | 148

Nyumba ni tano tu, na hata hivyo huenda jicho lako limepita juu ya 213 ya nyumba 103 bila kushtuka. Hiyo ilipaswa kuwa 313. Sasa fikiria ploti ya orofa saba, yenye nyumba kumi kila orofa, na keateka anaandika saa tatu usiku huku wapangaji wakimpigia simu kuuliza maji yatafunguliwa saa ngapi.

Kosa hilo lisipoonekana Juni, hesabu itatoa yuniti hasi 96. Pengine keateka ataandika sifuri ili mambo yaende. Lakini Julai mita itasomwa vizuri, tuseme 317, na kompyuta itatoa 213. Mpangaji wa 103 atadaiwa yuniti 104, sawa na mitungi 5,200. Jaribu kumweleza mtu bili ya namna hiyo mlangoni kwake.

Masharti matatu

Sharti la kwanza ni la rangi nyekundu: namba ya Juni ikiwa ndogo kuliko ya Mei, paka. Fomula yake ni hii:

=AND($D2<>"",$D2<$C2)

Sehemu ya kwanza, ile yenye alama za kunukuu, inaiambia kompyuta isiguse kisanduku ambacho bado hakijajazwa. Bila hiyo, kompyuta huhesabu kisanduku kitupu kama sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko namba yoyote ya Mei. Utafungua jedwali tarehe moja ukute ploti nzima ni nyekundu kabla hujasoma mita hata moja.

Sharti la pili ni la rangi ya manjano: matumizi ya Juni yakizidi mara mbili ya matumizi ya Mei.

=$D2-$C2>2*($C2-$B2)

Hapa kisanduku kinaulizwa habari za majirani wawili kwa pamoja. Nyumba 102 ilitumia yuniti 3 mwezi wa Mei na 8 mwezi wa Juni. Nane ni zaidi ya sita, kwa hivyo mstari utageuka manjano. Huenda wageni walikuja. Huenda mpira wa tangi la choo umechoka na maji yanatiririka usiku kucha bila kelele. Rangi haijui ni lipi kati ya hayo, na ndiyo maana nimechagua manjano badala ya nyekundu. Ukiona mara mbili ni kali mno kwa ploti yako, weka 3 mahali pa 2. Nyumba iliyokuwa tupu Mei ikapata mpangaji Juni itawaka manjano pia, na hilo ni sawa, kwa sababu mita ya mpangaji mpya inastahili kutazamwa.

Sharti la tatu ni la buluu: namba haijasonga kabisa.

=AND($D2<>"",$D2=$C2)

Nyumba 104 iko hapa. Ikiwa imefungwa na haina mtu, hakuna neno. Ikiwa kuna familia ndani, inayopika na kufua kila siku, basi mita imekwama au kuna bomba linalopita kando yake. Mwenye nyumba hupenda sana kuambiwa habari za buluu, kwa kuwa ndiye anayelipia hayo maji.

Sasa, pa kuziandika. Kwenye Google Sheets ya kompyuta, chagua visanduku kuanzia A2 hadi D ya nyumba ya mwisho, fungua menyu ya “Format”, kisha “Conditional formatting”. Mahali palipoandikwa “Format cells if”, shuka hadi chini kabisa uchague “Custom formula is”, uandike fomula, uchague rangi na ubonyeze “Done”. Rudia kwa kila sharti, ukianza na nyekundu, kwa sababu mstari ukitimiza masharti mawili, lililo juu kwenye orodha ndilo linaloshinda. Kwenye simu ya Android, programu hiyo hiyo ya Sheets ina “Conditional formatting” mwishoni mwa orodha ya “Format”. Kazi inafanyika, ila vidole vitachoka. Kama kuna saiba karibu, tengeneza masharti huko mara moja kisha uendelee kujaza namba kwa simu.

Wanaotumia Excel wataenda “Home”, “Conditional Formatting”, “New Rule”, kisha mstari wa mwisho wa orodha unaozungumzia kutumia fomula. Kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure na haihitaji intaneti, ni “Format”, “Conditional”, “Condition”, halafu “Formula is”. Fomula ni zile zile.

Ile alama ya dola

Mafunzo mengi hupita haraka hapa, na hapa ndipo watu hukwama, kwa hivyo tukae kidogo.

Unapoandika fomula ya sharti, unaiandika kwa ajili ya kisanduku kimoja tu: kile cha juu kabisa kushoto katika eneo ulilochagua. Kwetu sisi ni A2. Kompyuta kisha hukihamishia kila kisanduku kingine fomula hiyo, ikisogeza majirani kulingana na mahali ilipofika. Ikishuka mstari mmoja, 2 inakuwa 3. Ikienda kulia safu moja, D inakuwa E. Kushuka tunakutaka, kwa kuwa kila nyumba ilinganishwe na namba zake yenyewe. Kwenda kulia hatukutaki, kwa sababu safu E haina kitu na ulinganisho utakuwa wa upuuzi. Alama ya dola mbele ya herufi inasema: safu hii usiihamishe. Kwa hivyo $D2 inashuka lakini haiendi kando, na mstari mzima wa nyumba unapata rangi moja, kuanzia namba ya nyumba hadi Juni.

Ukiweka dola mbele ya namba pia, yaani $D$2, nyumba zote zitahukumiwa kwa namba ya nyumba 101. Ploti nzima itakuwa nyekundu au nyeupe kwa pamoja. Ukiona hivyo, tafuta dola iliyozidi.

Kosa baya zaidi ni lile lisiloonekana. Katika ploti moja ambayo sitaitaja, aliyetengeneza jedwali alichagua safu nzima kuanzia mstari wa kwanza, pamoja na vichwa, lakini akaandika fomula yenye $D2. Fomula ilikuwa sahihi, rangi zilikuwa zinawaka, kila mtu aliridhika. Lakini kwa kuwa eneo lilianza A1, mstari wa kwanza ulikuwa unapimwa kwa namba za mstari wa pili, wa pili kwa za tatu, na kuendelea. Kila rangi ilikuwa imepanda juu mstari mmoja. Kwenye mfano wetu, 101 isiyo na hatia ingegeuka manjano kwa ajili ya 102, na 102 ingegeuka nyekundu kwa kosa la 103. Mama mmoja aliambiwa anaacha mfereji wazi usiku na kwamba maji yake yatafungwa, wakati mvujo ulikuwa ukutani kwa jirani. Alihesabu mitungi yake wiki nzima, akaziandika tarakimu nyuma ya kalenda, akaja nazo. Hapo ndipo mtu alipofungua masharti na kuyasoma.

Kujilinda ni rahisi. Hakikisha namba ya mstari ndani ya fomula ni sawa na namba ya mstari wa kwanza wa eneo ulilochagua: eneo likianza A2, fomula iwe na 2. Kisha jaribu kwa makusudi. Chagua nyumba moja, andika namba ndogo ya uongo, uone ni mstari upi unaogeuka nyekundu. Ukiwa ni ule ule, rudisha namba ya kweli uendelee. Kazi ya nusu dakika.

Mtu akiuliza kwa nini tusijumuishe vichwa kabisa, jibu lina kichekesho chake. Eneo likianza A1 na fomula ikiwa na $D1, kompyuta italinganisha maneno “Juni” na “Mei” kwa alfabeti. J hutangulia M, kwa hivyo Juni ni “ndogo” kuliko Mei, na kichwa cha jedwali kitawaka nyekundu kama kwamba mwezi wenyewe una deni.

Namba ambayo si namba

Kuna visanduku ambavyo havitawaka hata vikiwa na kosa. Mtu akiandika “198 yuniti” badala ya 198, au akabonyeza herufi O mahali pa sifuri, kompyuta huyachukua hayo kuwa maneno. Na katika ulinganisho wa programu hizi, maneno huhesabiwa kuwa makubwa kuliko namba yoyote. Sharti la nyekundu halitatimia kamwe, na sharti la manjano litashindwa kupiga hesabu, likanyamaza. Nyumba hiyo itakaa nyeupe na safi, nawe utadhani mambo yako sawa.

Dalili ya kwanza ni kwamba maneno huegemea kushoto mwa kisanduku na namba huegemea kulia. Lakini usitegemee jicho. Ongeza sharti la nne, la rangi ya zambarau, na uliweke juu ya mengine yote:

=ISTEXT($D2)

Mita kubwa ya ploti

Mpaka hapa tumelinganisha mwezi na mwezi. Ulinganisho mwingine wenye manufaa ni kati ya mita ndogo zote na ile mita kubwa inayosomwa na Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi. Weka jumla ya matumizi ya nyumba zote kwenye kisanduku kimoja, na yuniti za bili ya kampuni kwenye kisanduku cha jirani. Mita kubwa ikizidi jumla kwa kiasi kikubwa, maji yanapotea kati ya lango na milango ya wapangaji: tangi la juu linafurika, bomba la chini ya ardhi limepasuka, au kuna mfereji wa nje usio na mita. Ikiwa jumla iko G2 na bili iko H2, sharti la asilimia kumi ni =$H2>1.1*$G2. Tarehe za kusoma zikitofautiana sana, tofauti kidogo itakuwepo kila mwezi, kwa hivyo jitahidini kusoma mita ndogo karibu na siku ile ile. Ploti inayochanganya maji ya kaunti na ya kisima inahitaji mita ya kisima pia, la sivyo hesabu hii haitakubaliana kamwe.

Wapangaji nao wana haki ya kuuliza tofauti hiyo inalipwa na nani. Ikiwa inagawanywa kwa nyumba zote bila kusemwa, ni heri isemwe.

Kwenye karatasi

Majedwali mengi ya Pipeline huishia kwenye karatasi, na mashine ya saiba huchapisha nyeusi na nyeupe. Nyekundu na buluu zote hutoka kijivu. Pia wapo watu ambao macho yao hayatofautishi nyekundu na kijani vizuri. Kwa hivyo weka safu moja ya maneno pembeni, tuseme E, yenye fomula =IF($D2<$C2,"SOMA UPYA","") na uivute hadi chini. Maneno hayo yatasomeka hata kwenye nakala ya nakala.

Karatasi hiyo isibandikwe ukutani mwa ngazi ikiwa na majina na rangi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka taarifa za mtu zitumiwe kwa lengo lililosababisha zikusanywe, na mita haikusomwa ili jirani wa orofa ya tatu ajue ni nani ana deni. Tumia namba za nyumba, na umpe kila mpangaji mstari wake mwenyewe: namba ya mwezi uliopita, namba ya mwezi huu, tofauti. Mpangaji akipewa namba hizo mbili anaweza kwenda kwenye mita yake na kuhakikisha. Akipewa kiasi cha pesa peke yake hana pa kuanzia, na ndipo kelele huanza.

Mbinu hii hii inafaa kodi ya nyumba, ambapo safu moja ni kiasi kinachotakiwa na ya pili ni kilichopokelewa kwa M-Pesa. Inafaa michango ya chama. Inafaa duka, pale unapoweka idadi ya chini ya unga au sukari kando ya kilichobaki kwenye rafu. Fomula inabaki ile ya jirani kuwa mdogo kuliko jirani.

Na ukishaona rangi, hatua inayofuata ni kupanda ngazi. Nyekundu inamaanisha soma mita upya, ikiwezekana mpangaji akiwepo, na upige picha ya mita kwa simu. Manjano inamaanisha bisha hodi na uulize: choo kinavuja? Mfereji hufungika? Funga kila kitu ndani ya nyumba kwa dakika kumi na utazame kama kigurudumu kidogo cha mita bado kinazunguka. Kikizunguka, maji yanakwenda mahali. Fanya hivyo kabla ya kuandika bili.

Jambo la mwisho ni la Julai. Masharti tuliyoandika yanatazama safu B, C na D. Ukiongeza Julai kwenye safu E, hayatahama yenyewe. Yataendelea kulinganisha Juni na Mei. Njia nyepesi ni kunakili ukurasa mzima, uupe jina la Julai, usogeze namba za Mei kwenda B na za Juni kwenda C, kisha uifute D tayari kwa kusoma upya. Unaposogeza, nakili na ubandike namba peke yake, “Paste values only” kwenye Google Sheets, ili masharti yako yasikatwe vipande vipande. Ukurasa wa Juni uache kama ulivyo. Mama wa 102 akirudi Septemba kuuliza habari za zile yuniti nane, utakuwa nao.